Kumjua mbuzi wa kuchoma

Nyama choma ikinoga, watu humsifu mchomaji. Kwa Garissa, sifa ya kwanza nampa aliyemchagua mbuzi, na ya pili aliyempumzisha kabla ya kisu. Mchomaji ni wa tatu.

Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa zaidi Afrika Mashariki, na mbuzi wengi wanaouzwa pale ni wa Galla: weupe, warefu, waliolelewa kwa majani ya vichaka vya nyika. Mnunuzi anayejua kazi yake huanza kwa kufungua mdomo. Mbuzi hana meno ya mbele ya juu. Ya chini ni manane. Yale ya utotoni ni madogo na membamba. Baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa, mawili ya katikati hung'oka na mahali pake huota mapana, yanayoonekana wazi hata kwa mgeni. Kisha huongezeka jozi moja karibu kila mwaka. Wa meno mawili ndiye wa kuchoma: ameshapata ladha na mafuta, lakini misuli haijakakamaa. Wa manne bado anafaa. Aliyejaza yote manane ni wa supu, hata akiwa mnene namna gani.

Ila meno hudanganya palipojaa mathenge. Maganda ya mbegu za mti huo yana sukari nyingi, na wafugaji wamelalamika kwa miaka kwamba yanaharibu meno ya mbuzi wangali vijana. Malalamiko hayo yalifikishwa mahakamani mwaka 2006 na wenyeji wa Baringo walioishtaki serikali, wakaleta na mbuzi kibogoyo kuwa ushahidi. Kwa hiyo tazama pia kiuno: ukishika mgongo juu ya figo, vidole vikute nyama, si ncha za mifupa. Na umkwepe beberu asiyehasiwa. Harufu yake hukaa kwenye ngozi na manyoya, na mchunaji akigusa ngozi kisha nyama kwa mkono uleule, huihamisha yote.

Sasa la mapumziko, ambalo wengi hawalijali. Mbuzi wengine hufika wakiwa wametembea mwendo mrefu, wengine wamesimama lorini tangu Wajir au Mandera. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli huisha njiani. Akichinjwa katika hali hiyo hakuna kitakachogeuka asidi ndani ya nyama, na ni asidi hiyo inayoipa nyama rangi angavu na kuichelewesha kuoza. Alama yake utaiona buchani: nyama ina weusi na inanata kwenye vidole. Iache. Nyama ya mbuzi aliyekunywa maji na kulala kivulini walau usiku mmoja ni nyekundu ya waridi, uso wake umekauka kidogo, na ukiibonyeza shimo hujaa lenyewe. Mafuta ya figo yawe meupe na magumu.

Tazama pia muhuri wa mkaguzi. Hapa hilo si urasimu. Homa ya Bonde la Ufa iliua watu Kaskazini Mashariki mwaka 1997 hadi 1998, ikarudi mwaka 2006 hadi 2007, na walio hatarini zaidi walikuwa wale waliochinja, kuchuna na kushika wanyama wagonjwa.

Kosa la nyumbani ninaloliona mara nyingi ni haraka. Saa kadhaa baada ya kuchinjwa nyama hukakamaa, na ikichomwa ikiwa hivyo utatafuna hadi taya ziume. Mwenye friji aiache hadi kesho yake.

Kwa jiko la nyumbani, omba vipande vya mgongo vyenye mfupa, unene wa vidole viwili, ukanda wa mafuta ubaki. Makaa ya mathenge ni mazito na hukaa na moto muda mrefu, mradi yameiva tanurini; yanayotoa moshi wa kuwasha macho hayajaiva. Subiri jivu jeupe liyafunike. Yarundike upande mmoja ili uwe na mahali pa kuikimbizia nyama mafuta yanapodondoka na kuwasha ndimi za moto. Chumvi tu. Anza kwa kusimamisha kipande upande wa mafuta mpaka yaanze kulia, ndipo ulaze nyama. Mbavu na bega zinataka moto hafifu na muda.

Iliyoiva vizuri ina ganda la kahawia, si masizi. Nyama imejivuta nyuma kwenye ncha ya mfupa, na ukipasua karibu na mfupa maji hutoka meupe, si mekundu. Ukiuziwa choma hotelini ambayo ndani ni kijivu kitupu na mfupa unachomoka bila uzi hata mmoja, imechemshwa kwanza. Hiyo siihesabu kuwa choma.

Wali, ndizi za mashamba ya kando ya Mto Tana na basbaas (pilipili ya Kisomali) vikae tayari mezani kabla nyama haijatoka jikoni, na nyama itoke vipande vichache vichache. Mafuta ya mbuzi huganda upesi yakipoa na kunata kaakaani, kwa hiyo wageni ndio waisubiri nyama. Kipande cha kwanza kionjwe kitupu, bila ndimu wala basbaas.