Saizi ya Pama Kuukuu

Pama ya felti iliyotengenezwa Philadelphia mwaka 1950 ilitoka kiwandani na saizi yake, na leo ina saizi nyingine. Muuzaji wa mtandaoni atakuandikia ile ya kwanza kwa kuwa ndiyo iliyochapwa ndani, wala hasemi uongo. Mnunuzi wa mitumba pale Karume au Gikomba hana tabu hii: anaivaa, anajitazama kwenye kioo, basi. Anayenunua kwa picha lazima aitafute saizi ya pili kabla hajatuma pesa.

Anza na kichwa chako. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, uizungushe katikati ya paji la uso, juu kidogo ya nyusi na masikio, hadi pale kisogo kinapotokeza zaidi. Usikaze. Pima ukiwa na nywele utakazovalia kofia, maana mwenye rasta au aliyesuka hapimi sawa na siku aliyonyoa. Andika kwa sentimita.

Namba za kofia zinachanganya kwa sababu kila nchi ilikuwa na zake. Ya Kimarekani ni kama wastani wa urefu na upana wa ndani ya kofia kwa inchi, ndiyo maana kichwa cha sentimita 58 kinaitwa 7¼. Kila sentimita moja ni hatua ya ⅛, hivyo 57 ni 7⅛ na 59 ni 7⅜. Waingereza wako nyuma kwa hatua moja: 58 yao ni 7⅛. Kwa hiyo 7⅛ ya London na 7⅛ ya New York zinapishana kwa sentimita nzima, na sentimita moja inatosha kuigeuza kofia iliyotulia kuwa kofia inayouma. Muitalia ana nafuu. Borsalino, kiwanda kilichoanzishwa Alessandria mwaka 1857, ukikuta ndani yake 58, hiyo ni 58 ya sentimita. Kofia nyingine za Ulaya zina namba ndogondogo za mfumo wa Kifaransa. Hizo usizikisie, omba sentimita.

Lakini namba hizo zote zinasema kofia ilivyozaliwa. Kinachoibadilisha ni ule ukanda wa ngozi wa ndani, unaogusa paji la uso. Felti ni manyoya ya sungura au ya biva yaliyoshindiliwa kwa maji ya moto na mvuke, na mpaka uzeeni inabaki na uvumilivu: ikipata mvuke hulegea, ikavutika, ikatulia. Ngozi haina subira hiyo. Miongo ya jasho na joto la darini huikausha, na ikikauka husinyaa, na kwa kuwa imeshonwa kwenye felti mzunguko mzima, huivuta felti nayo. Kofia iliyoandikwa 7¼ unaikuta inapima 7⅛, pengine 7 kamili.

Kusinyaa huko kunaonekana pichani kwa anayejua pa kutazama. Omba picha ya kofia ikiwa mezani, kamera ikiwa usawa wa ukingo. Ukingo uliopindwa na fundi hupanda na kushuka kwa mstari mmoja usiokatika. Ngozi iliyosinyaa huacha mawimbi madogo pale ukingo unapokutana na kichwa cha kofia, na pande mbili huinuka bila mpangilio. Kisha omba picha ya ngozi ikiwa imepinduliwa nje. Madoa ya mafuta ya kichwa yasikutishe, kofia ilivaliwa. Tafuta nyufa za wima. Tazama nyuma, penye kile kifundo kidogo cha utepe kinachoonyesha upande wa kisogo, kama ngozi imeachana na uzi. Mwambie muuzaji aipitishe ukucha taratibu: ikitoa unga mwekundu, hiyo ngozi imekufa, na utalipa fundi aweke nyingine.

Nyuma ya ngozi hiyo mara nyingi kuna kikaratasi cha kiwanda chenye saizi. Kikitofautiana na namba iliyochapwa kwenye ngozi, huenda ngozi imeshabadilishwa. Unaweza pia kukuta gazeti lililokunjwa, kwa sababu mwenye kofia wa kwanza aliona ni kubwa akaipunguza. Litolewe kabla ya kupima.

Na kupima kwenyewe kuna namna. Wauzaji wengi huzungusha futi kwa nje, juu ya utepe, na hapo unapewa karibu sentimita 2 za bure, ambazo ni unene wa felti, ngozi na utepe. Wengine huzungusha kwa ndani, futi ikajikunja, kipimo kikapungua. Mimi naamini rula. Aiweke ndani, mbele hadi nyuma, kisha kushoto hadi kulia, iguse ngozi bila kuisukuma. Tuseme amepata 20 na 17. Jumla ni 37, nusu yake 18.5, zidisha kwa 3.14, unapata 58 na kidogo.

Vipimo hivyo viwili vinakupa pia umbo, jambo ambalo sijaona muuzaji akiliandika bila kuulizwa. Watu wawili wenye 58 wanaweza kuwa na vichwa tofauti kabisa, mmoja kichwa kirefu, mwingine cha mviringo. Wa kwanza akivaa kofia ya wa pili, itambana paji na kisogo huku pembeni kidole kinapita, na atalaumu saizi bure. Jipime vivyo hivyo: weka kichwa katikati ya vitabu viwili vilivyosimama, upime nafasi iliyo kati yake.

Kofia kubwa ina tiba rahisi, ukanda mwembamba wa sponji nyuma ya ngozi. Ndogo hupanuliwa kwa mvuke na kifaa cha kutanulia, lakini sentimita moja tu, na pale ngozi ilipo hai. Ngozi kavu hupasuka kabla felti haijalegea. Tena watengenezaji wa Marekani waliitibu felti kwa zebaki hadi ilipopigwa marufuku mwaka 1941. Kofia ya kabla ya hapo usiipashe mvuke jikoni kwako.

Kofia za kike zina sheria zao. Zile za kina za miaka ya 1920 zilishuka hadi nyusini, kwa hiyo zipimwe kama pama. Nyingi za miaka ya 1950 hukaa juu ya nywele na kushikwa na pini. Kwa hizo mzunguko wa kichwa hauna uzito.

Wenye kichwa cha 58 nawashauri wanunue pama iliyopimwa leo 58 au 59, hata ikiwa felti yake ni ya daraja la kati, waiache 57 ya biva tupu. Zile alama za X ndani ya kofia, za kutaja ubora wa felti, zisikuhonge, hazina kipimo kimoja kwa viwanda vyote. Omba vipimo viwili vya rula na picha ya ngozi iliyopinduliwa. Muuzaji asipovituma, usinunue.