Herufi 80 kwenye nyaya mbili

Skrini ya LCD ya mistari minne, herufi 20 kila mstari, ikiunganishwa na Arduino Uno kwa njia wanayoitumia wapenda vifaa wengi, huchukua karibu sehemu ya kumi ya sekunde kujazwa yote. Simuleta ya DCS World, ikisomwa kupitia programu huria iitwayo DCS-BIOS, hutoa taarifa mpya za ndege mara 30 kwa sekunde. Kwa hiyo skrini inapomaliza kuandika mara moja, taarifa tatu zimeshapita. Hapo ndipo unapoanzia ule ugonjwa wa vionyeshi vya kujitengenezea: kumetameta, kuchelewa, na mara nyingine kutema herufi zisizoeleweka. Wenye navyo hukimbilia kuilaumu kompyuta, wakati kompyuta haina kosa lolote.

Tuichukue ndege moja, A-10C ya Marekani, ambayo DCS inayo tangu 2011. Mkono wa kulia wa rubani kuna paneli ya CMSP, inayosimamia vitu vya kuhadaa rada na makombora, nayo ina kioo kidogo cha mistari miwili ya maandishi. Katika DCS-BIOS kila mstari wake ni herufi 19. Unaenea vizuri kwenye LCD ya herufi 20, ndiyo maana paneli hii inamfaa sana anayeanza.

Uzuri wa DCS-BIOS ni kwamba haitumi habari za aina ya "mstari wa kwanza sasa unasema hivi". Inaichukulia ndege nzima kuwa kumbukumbu moja ndefu yenye anwani 65,536. Kila swichi, taa, mshale na maandishi yamepewa mahali pake, na mstari wa kwanza wa CMSP unaanzia 0x1000. Kinachosafiri kwenye kebo ya USB ni anwani ya baiti mbili, idadi ya baiti zinazofuata, nayo katika baiti mbili, kisha baiti zenyewe. Kilichobadilika hutumwa mara moja, na visivyobadilika hurudiwa polepole ili bodi iliyochomekwa katikati ya safari nayo ipate picha kamili baada ya muda.

Uno ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 2,048 tu, kwa hiyo haiwezi hata kuota kuhifadhi anwani zote hizo. Wala haihitaji. Inasubiri anwani za mistari yake miwili, inanakili, na mengine yote inayaacha yapite. Hakuna kuchambua sentensi wala kutafuta alama za mkato. Wapo wanaopendelea kuandika programu ndogo kwenye kompyuta inayotuma mistari iliyokwisha kupangwa, na kwa skrini moja sina ubishi nao. Ila paneli zikifika tano, kila moja na lugha yake, utatamani ungeanza na kumbukumbu.

Tofauti inaonekana ukiitazama X-Plane, simuleta nyingine ya ndege. Mfumo wake wa kuomba data kwa UDP, kupitia mlango 49000, umejengwa kwa ajili ya namba. Ukitaka maandishi unaomba herufi moja moja, na kila moja inarudi ikiwa namba ya desimali: baiti nne za utambulisho na nne za thamani. Mstari wa herufi 24 unakuwa baiti 192. Inawezekana, na watu wanafanya, lakini ni kazi ya kumchosha mtu bure.

Kila mzunguko wa DCS-BIOS hufunguliwa kwa baiti nne zinazofanana, 0x55, ili bodi ijue ni wapi pa kuanzia kusoma. Mwenye jedwali la ASCII atagundua kuwa 0x55 ni herufi U. Je, rubani akiandika UUUU? Waliobuni mpangilio huo waliliona hilo, na mtumaji huhakikisha mfuatano wa aina hiyo hautokei ndani ya data yenyewe.

Jambo linalowaponyoka wengi ni lini maandishi yamekamilika. Data husafiri kwa vipande vya baiti mbili mbili. Masafa ya redio yakitoka 251.000 kwenda 305.500, kunakuwa na kitambo ambapo kumbukumbu ya bodi ina 305.000, masafa ambayo hayajawahi kuwekwa ndani ya ndege. Ukiandika kwenye skrini wakati huo, umeonyesha uongo. Maktaba ya DCS-BIOS ya Arduino husubiri hadi iandikwe anwani 0xFFFE, inayofunga mzunguko, ndipo inapoiambia programu yako kwamba mstari umebadilika. Anayejiandikia msomaji wake mwenyewe asiiruke hatua hiyo.

Sasa turudi kwenye ule ucheleweshaji. Kebo haihusiki. Mwendo wake ni biti 250,000 kwa sekunde, namba inayogawanyika sawasawa na saa ya Uno ya megahezi 16, tofauti na 115,200 iliyozoeleka, ambayo Uno huikaribia tu. Hizo ni baiti 25,000 kwa sekunde. Chipu ya LCD nayo, HD44780 iliyobuniwa na Hitachi, hupokea herufi moja kwa mikrosekunde 37. Kinachokwamisha kipo katikati: ile bodi ndogo yenye chipu ya PCF8574 inayobandikwa nyuma ya skrini ili itoshe kuunganishwa kwa nyaya mbili za data.

PCF8574 hufanya kazi kwa kilohezi 100. Herufi hukatwa nusu mbili, na maktaba iliyozoeleka hutuma kila nusu mara tatu, kila mara ikirudia anwani ya kifaa. Hiyo ni mitumo sita ya biti kama 20, yaani milisekunde 1.2 kwa herufi. Zidisha kwa 80 upate milisekunde 96. Wakati huo wote bafa ya Arduino ya baiti 64 inaweza kujaa ndani ya milisekunde mbili na nusu. Zinazofurika hupotea, anwani zinasomwa vibaya, na hapo ndipo herufi za ajabu zinapotoka. Kwa hiyo kwenye Uno, katika maktaba ya DCS-BIOS, chagua DCSBIOS_IRQ_SERIAL, inayoisoma kila baiti pale pale inapoingia, hata skrini ikiwa katikati ya kuandikwa.

Kwa kulinganisha, OLED ya SSD1306 yenye nukta 128 kwa 64 huchorwa yote, nukta zote 8,192, kwa takriban milisekunde 25 ikienda kilohezi 400. Inakula nusu ya kumbukumbu ya Uno, lakini inaishinda LCD ya herufi 80 kwa mbali.

Dawa ya kwanza ni kutorudia anwani. PCF8574 inakubali baiti mfululizo katika mtumo mmoja, hivyo herufi inaweza kwenda kwa baiti nne tu, na skrini nzima ikaisha kwa milisekunde kama 29. Dawa ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi: usifute. Mwenye duka hafuti ubao mzima wa bei kwa sababu sukari imepanda. Weka nakala ya kilichopo kwenye skrini, linganisha na kipya, kisha andika herufi zilizotofautiana tu. Mara nyingi ni mbili au tatu, milisekunde chache, na kumetameta kunakwisha.

Angalia pia alama maalumu. Alama ya nyuzi katika jedwali la herufi la Latin-1 ni 0xB0, lakini kwenye HD44780 za kawaida nafasi hiyo ina alama ya Kijapani, na nyuzi unaipata 0xDF. Mishale ipo 0x7E na 0x7F. Nyingine utazichora mwenyewe, nane tu kwa wakati mmoja.

Kwenye kompyuta ya urambazaji ya ndege hiyo hiyo, CDU, yenye mistari 10 ya herufi 24, LCD haitoshi kabisa. Wengi huhamia skrini ya rangi ya nukta 320 kwa 240, ambayo picha yake moja ni baiti 153,600. Uno haina pa kuiweka. Ina nafasi ya baiti 240 za maandishi ya zamani na 240 za mapya, na kulinganisha hizo mbili ndiyo njia pekee inayobaki.