Ndara

Kwa Kiswahili, ndara ni kandambili. Kwa Dholuo, ndara ni barabara kuu. Nimekulia Kibuye na nazungumza lugha zote mbili, lakini sikuwahi kuziweka maana hizo mbili pamoja mpaka Jumapili moja ya mwaka jana, saa tano asubuhi, nilipookota ndara moja ya waya wangu katikati ya ndara. Ya pili iliokotwa na kijana wa tuktuk, mbali kidogo na pale alipoangukia.

Waya ni dada ya baba. Anauza nguo za watoto, mitumba, sokoni Kibuye, tangu nikiwa mdogo wa kulala juu ya belo. Kama hujawahi kufika, Jumapili ndiyo siku yenyewe: watu wanatoka misa ya St. Theresa, wengine wanateremka kutoka Kondele, mikokoteni, matatu, pikipiki, mama na sufuria kichwani, wote wanataka sehemu ileile ya lami kwa wakati uleule. Matatu ilisimama ghafla kuchukua mtu. Pikipiki iliyokuwa nyuma yake ikaikwepa, ikaingia upande usio wake, na huko ndiko waya alikokuwa, akiangalia upande ambao magari yalipaswa kutoka. Alivunjika mfupa wa paja. Yuko hai. Anatembea na fimbo.

Kila aliyekuja kumwona hospitalini alileta maziwa, mkate na sentensi moja: ajali haina kinga.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda. Kilichobaki kutoka darasa la fasihi ni tabia moja inayowaudhi watu wa nyumbani: nasoma kila kitu kama matini. Stika, risiti, matangazo ya mazishi. Kwa hiyo pale kando ya kitanda, baada ya mgeni wa tano au wa sita, nikaanza kuisoma hiyo sentensi.

Neno lenyewe tulilipata kutoka Kiarabu, na huko *ajal* ni muda uliopangwa, hasa ule wa kufa. Kamusi za zamani za Kiswahili bado zinaipa ajali maana ya majaaliwa na kifo. Kwa maana hiyo methali ni ya kweli kabisa: siku yako ikifika, imefika. Shida ni kwamba neno lilihama. Leo ajali ni gari kugonga mtu, lakini bado limevaa kanzu ya zamani. Tunaposema ajali haina kinga tunachukua hekima iliyotungwa kuhusu kifo na kuivisha pikipiki iliyotoka upande usio wake. Na ajali za namna hiyo zina kinga. Kinga yake ni tuta, ni kituo cha matatu kilichotengwa na kivuko, ni mtu wa kuuliza kwa nini kila Jumapili soko zima linavuka kwa kubahatisha.

Ukishaona hili, huwezi kuacha kuliona kwenye habari. Sikiliza taarifa ya saa moja usiku. Lori limepoteza mwelekeo. Breki zimekataa. Gari limeacha njia. Kila kitu kwenye sentensi kina nguvu ya kutenda isipokuwa binadamu. Hakuna aliyelikodisha hilo lori, aliyelikagua, aliyechora ile kona. Mwalimu wangu wa sarufi angesema kiima ni lori. Mimi nasema kiima kimejificha.

Juni 30, 2023, pale Londiani, lori liliparamia matatu na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara jioni. Watu zaidi ya 50 walikufa. Haikuchukua siku nyingi mazungumzo yakageukia wachuuzi: waondolewe kando ya barabara kuu. Elewa mantiki yake. Kwenye sentensi ya kwanza mchuuzi ni marehemu, kwenye ya pili ni tatizo. Kisha Agosti 2025 ikawa zamu yetu. Basi lililobeba waombolezaji waliotoka mazishini lilipinduka kwenye mzunguko wa Coptic, barabara hii hii inayopita kwetu kwenda Kakamega. Zaidi ya watu 20. Mtaani nilisikia ile sentensi tena, neno kwa neno, kwa sauti ileile ya pole.

Lakini kuna sehemu nyingine ambako barabara huandikwa, na hiyo naipenda zaidi: ndani ya matatu. Watu wa vitabu wamewahi kuichukua kwa uzito. Mbũgua wa Mũngai aliandika kuhusu wanaume wa matatu na utamaduni wao, na Kenda Mutongi akaandika historia nzima ya matatu mwaka 2017. Vitabu vizuri, na vyote viwili ni vya Nairobi. Kisumu bado tunasoma stika zetu wenyewe.

Basi zisome. Abiria chunga mzigo wako. Kama una haraka ungekuja jana. Lipa nauli kabla ya kushuka. Ni fasihi fupi, ina ucheshi, na kwenye foleni ya Kondele inakuokoa na uchovu. Ila hebu hesabu nani anaamrishwa. Ni abiria kila mara. Abiria achunge, abiria alipe, abiria anyamaze. Sijawahi kuona stika ambayo gari linamwahidi abiria kitu chochote. Hakuna iliyoandikwa: leo mvua ikinyesha nauli haitapanda. Na sote tunajua ikinyesha inapanda, na anayeumia ni mama mwenye gunia, maana yeye hawezi kusema acha nitembee.

Stika moja ilijaribu kuvunja huo mtindo, na nadhani ni kati ya maandishi yenye maana zaidi yaliyowahi kubandikwa Kenya. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walibandika ndani ya matatu za masafa marefu maneno ya kumhimiza abiria amkaripie dereva anayeendesha vibaya. Matatu nyingine hazikupewa, ili walinganishe. Matokeo waliyochapisha mwaka 2011: kwenye gari zenye stika, madai ya bima yalishuka kwa nusu hadi theluthi mbili. Baadaye kampeni ikakua, ikapewa jina Zusha, na jaribio kubwa zaidi bado lilionyesha upungufu wa kati ya robo na theluthi.

Mimi ni mtu wa maneno, asiye na cheti. Unaweza kufikiria furaha yangu niliposoma hayo. Karatasi yenye gundi, sentensi moja, na mfupa wa mtu fulani haukuvunjika. Hata neno lenyewe lilichaguliwa vizuri. Kuzusha ni kuanzisha jambo ambalo halikuwepo, na pia ni kuleta fujo. Mzushi kwa kawaida ni mtu mbaya. Kampeni ikamchukua mtu mbaya wa Kiswahili ikamkalisha kiti cha mbele na kumwambia, sema.

Nilimsomea waya. Aliniuliza swali moja: "Sasa mimi niliyekuwa nje ya gari, ningezusha kwa nani?"

Hilo ndilo pengo la Zusha, na sikuliona mpaka mtu mwenye chuma pajani aliponionyesha. Stika inamtetea aliye ndani. Tena abiria akiwa na haraka anaweza hata kumpigia dereva makofi akipita katikati ya watu. Ilhali Kenya wanaokufa zaidi barabarani ni watembea kwa miguu. Takwimu za NTSA za 2024 zilitaja vifo 4,748, na wao ndio waliokuwa kundi kubwa zaidi. Aliye nje hana stika, hana siti, hana mkanda. Maandishi pekee yanayomhusu ni mistari meupe ya pundamilia, na mistari hiyo, ukiisoma kwa uaminifu, ni ombi tu.

Kuna maandishi mengine yanayodai kumhusu. Mwaka 2020 Kisumu ilipata Mpango wa Usafiri Endelevu, ulioandaliwa na kaunti pamoja na ITDP na UN-Habitat. Nimeusoma wote. Siwezi kusema ni mbaya. Unamweka mtembea kwa miguu na mwendesha baiskeli mbele, jambo ambalo mji wetu, uliofahamika kwa boda za baiskeli kabla pikipiki hazijazimeza, ulipaswa kulijua bila kufundishwa. Na si karatasi tu. Teremka mjini uone ile pembetatu ya Oginga Odinga, Ang'awa na Jomo Kenyatta: njia za miguu ni pana, mtu anaweza kutembea na mtoto mkononi bila kumvuta-vuta.

Malalamiko yangu ni mawili, na yote ni ya msomaji. Kwanza, mpango umeandikwa kwa Kiingereza, kile cha semina. Watu ambao miguu yao ndiyo mada hawawezi kuusahihisha. Pili, mtindo. Sentensi inaanza vizuri mjini, ina nafasi, ina vituo. Panda nayo kuelekea Kibuye na uone: njia ya miguu inakatika, inarudi, inamezwa na meza za viatu, inageuka mtaro, inaisha. Ni kama mwandishi aliyejua hariri angesoma ukurasa wa kwanza tu.

Na usiwalaumu wenye meza haraka hivyo. Meza iko pale kwa sababu wateja wanapita pale. Nduthi zinajaa pale kwa sababu hiyohiyo. Vijana wengi ninaowajua wanaoendesha pikipiki zile wamekodi. Jioni mwenye pikipiki anataka hela yake, mvua au jua. Aliyemgonga waya alikuwa mmoja wao. Alikuja hospitalini siku ya tatu, akasimama mlangoni na kofia mkononi, hakusema ajali haina kinga. Alisema, "Mama, nilikuwa nakimbizana na hesabu." Kati ya wageni wote, ndiye pekee aliyetunga sentensi yenye kiima.

Wengine wameshawahi kuona kwamba jina ni nusu ya kazi. Uholanzi, mwaka 1971, magari yaliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyempoteza binti yake, aliandika makala ambayo kichwa chake kikawa jina la vuguvugu: Stop de Kindermoord, komesheni mauaji ya watoto. Hawakusema ajali. Baiskeli zote hizo za Amsterdam tunazoziona kwenye picha, sehemu ya chanzo chake ni watu waliokataa neno. Na karibu zaidi, Nairobi, Novemba 2014, wanawake waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo na wanaume kwenye steji ya matatu. Kabla ya hapo lilikuwa "tukio". Mwaka huo haujaisha, kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa lenye jina lake kwenye sheria.

Kwa hiyo majirani wa waya sokoni waliponiita niwaandikie barua ya kudai tuta na kivuko, kwa kuwa "wewe ulisoma", nilijiona Langenhoff. Nikaandika kurasa tatu. Nikaweka Ibara ya 26 ya Katiba, haki ya kuishi. Nikaweka Jedwali la Nne, linalozipa kaunti kazi ya barabara zao, taa za barabarani na usafiri wa umma. Nikaandika "uhamaji jumuishi". Wee! Nilisomea kikundi chini ya mwavuli wa muuza viazi, na mama wa omena akanikatiza: "Nyathina, hii umemwandikia nani?"

Nilikuwa nimeandika ule mpango niliokuwa naukosoa.

Wakaanza kunihariri. Sijawahi kuwa na wahariri wakali namna hiyo, na magazeti yamenikataa sana. "Uhamaji" ukatoka, ikaingia "kuvuka". "Wadau" wakatoka, wakaingia wenye matatu, wenye boda, wenye meza, na mtu wa kiti cha magurudumu anayeshona viatu. Palipoandikwa "ajali nyingi zimetokea hapa", mzee wa malimali akasema andika nani aligongwa, mwezi gani, saa ngapi, akivuka kwenda wapi. Tukahesabu kwa vidole. Orodha ikawa ndefu kuliko barua. Katiba ikabaki, mstari mmoja, mwishoni.

Waya pekee ndiye aliyekataa jambo moja. Nilitaka barua ianze hivi: ajali ina kinga. Niliona ni mwanzo mzuri. Akasema hapana.

"Hiyo methali niachie. Usiku mguu ukiuma, mimi nasema nini? Nisema ni kosa la nani? Ni la kijana? Ni langu, sikuangalia pande zote? Nikisema haina kinga, nalala."

Sikuwa na jibu, na bado sina. Nilikuwa nimeisoma ile sentensi kama mkwepo wa wakubwa, na kwa mdomo wa wakubwa ndivyo ilivyo. Kwa mdomo wake ni dawa ya maumivu. Maneno yaleyale. Mhakiki anayesahau kuuliza ni nani anayesema, na saa ngapi ya usiku, bado hajamaliza kusoma.

Barua ilianza na jina lake na saa tano asubuhi. Ina kurasa mbili, Kiswahili, na nakala ya Dholuo iliyotafsiriwa na mama wa omena. Tuliipeleka, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na tangu hapo tumerudi mara mbili kuuliza. Tuta halijaja. Jumapili iliyopita nilimvusha waya kwa mkono. Alinunua ndara mpya, nyekundu. Zinaonekana kutoka mbali, anasema.