Gia iliyopita kipimo

Kamarade, wengi wetu wa mekanika tuko na imani moja: jino la gia likipimwa na likawa ndani ya mikroni zinazoruhusiwa, kazi imeisha. Miye pia niliamini vile, mpaka niliposoma ripoti ya wachunguzi wa Norwei juu ya helikopta EC225 iliyoanguka Turøy tarehe 29 Aprili 2016. Rota kubwa ilichomoka hewani. Watu 13 waliokuwa ndani walikufa wote.

Ripoti ilitoka mwaka 2018, na uzuri wake ni namna inavyofuata chuma hatua kwa hatua. Moja ya gia 8 ndogo, zile zinazozunguka gia ya katikati kwenye hatua ya pili ya giaboksi, ilipasuka. Ufa haukuanzia kwenye meno, pale tunapopenda kupima! Ulianzia upande wa ndani, rolla za beringi zinapopita, juu gia yenyewe njo ukuta wa nje wa beringi. Kishimo kidogo sana, kiisha ufa ukatembea chini ya ngozi ya chuma. Kawaida chuma inayochoka inaacha vipande ndani ya mafuta na sumaku inavikamata. Hapa vilitoka kidogo mno, hakuna onyo lililopatikana.

Kuna sehemu niliyoirudia mara mbili. Gia hizo zilikuwa za aina mbili, zote zimekubaliwa, unaweza kuweka hii ao ile. Lakini aina iliyovunjika ilikuwa na mkandamizo mkubwa zaidi kwenye njia ya rolla. Basi kipimo kinajibu kama gia inafanana na mchoro. Itabeba mzigo siku ngapi? Hapo kinanyamaza.

Lawama yangu ni moja. Mwaka 2009 helikopta ya familia hiyohiyo ilianguka karibu na Scotland, watu 16 wakafa, na gia ya namna ileile ilikuwa imevunjika. Ripoti inakubali kwamba hatua zilizochukuliwa kiisha hazikutosha kuzuia ajali nyingine. Ni lugha ya upole mno. Miaka 7 ilipita, bandugu!

Kwenye mazoezi yetu tulipima meno kwa mikrometa, tukaandika “inafaa”, tukapewa pointi. Hatukukata gia hata moja kuangalia ndani. Promosyo yenu je, mlikata?