Tazama Ubavu wa Samaki

Mtu akishika chapa ya mbao ya Kijapani yenye samaki, mara nyingi husifu mchoro: jicho limekaa, mkia umepinda vizuri. Mchoro haukusaidii kuchagua. Changu mwekundu wa mchoraji Hiroshige ni yuleyule kwenye nakala bora na kwenye nakala mbovu, maana nakala za asili zote zimetoka kwenye vibao vilevile. Tofauti huletwa na mkono wa mpiga chapa na uchakavu wa vibao.

Hiroshige alianza kuchora samaki hawa mwanzoni mwa miaka ya 1830, kwa oda ya chama cha washairi. Ndiyo maana mashairi yamejaa juu ya migongo yao. Nakala za washairi zilikuwa za wenyewe kwa wenyewe, na gharama hazikubanwa. Wachapishaji wakaja kutoa nakala za kuuza, kisha samaki wengine wakaongezwa, hadi karatasi zikafika 20.

Mimi huanza na ubavu. Mgongo una rangi nzito, tumbo ni jeupe, na katikati rangi inafifia taratibu. Ufundi huo Wajapani huuita bokashi, na haukuchongwa kwenye kibao. Mpiga chapa alilowesha kibao, akaweka rangi upande mmoja, akaivuta kwa brashi kuelekea penye maji, na kila karatasi mpya akaanza upya. Kwenye nakala nzuri huwezi kuonyesha kwa kidole rangi inapoishia. Kwenye nakala ya haraka utaona ukingo, au ubavu mzima umepakwa rangi moja, na hapo samaki ameshakufa. Angalia pia kama rangi zimezeeka pamoja. Buluu ya Prussia, iliyoenea Japani karibu na 1830, haipauki ovyo. Waridi iliyotokana na maua hupauka upesi. Buluu ikiwa kali huku waridi imegeuka rangi ya majani makavu, karatasi imekaa sana kwenye mwanga.

Halafu sogea dirishani, uinamishe karatasi ili mwanga uipige kwa pembeni. Hapo ndipo utaona karatasi ilipokandamizwa kwenye kibao kisicho na rangi, na unga wa ulanga uking'aa. Kitabu cha mchoraji Utamaro cha kome na makombe, cha karibu 1789, ni shule nzima ya ufundi huo. Picha ya simu haiuonyeshi, kwa hiyo usinunue kwa picha ya simu.

Kwa mistari, mtafute kamba mti. Sharubu zake ndefu ndizo huchakaa mapema: kibao kikiwa kipya mstari ni mwembamba na haukatiki, kikichoka, unanenepa na kumeguka.

Mnunuzi wa samaki hufunua shavu. Wa chapa ageuze karatasi. Ilisuguliwa kwa mkono kwa kifaa cha duara kiitwacho bareni, hivyo rangi hupenya hadi nyuma na alama za msuguo hubaki. Nyuma kukiwa kweupe pe, shika kioo cha kukuzia: ukiona vidoto, ni mashine. Nyuma kukibandikwa karatasi nyingine, uliza kinachofichwa. Mara nyingi ni matundu ya wadudu. Pima pia, kwani karatasi ya saizi iitwayo oban ni kama sentimita 25 kwa 38, na iliyopungua sana imepunguzwa kingo.

Kinachosumbua kweli ni vibao vilivyochongwa upya. Muhuri wa mkaguzi uliopo kwenye chapa hautakuokoa, kwa sababu nao huchongwa upya pamoja na samaki. Linganisha mstari kwa mstari na picha za Metropolitan Museum ya New York, hasa pembe za herufi na ncha za mapezi. Lakini nakala za vibao vipya si haramu. Karakana za Tokyo bado huzitengeneza kwa mbao za mcheri na karatasi iliyotengenezwa kwa mkono, na zikiuzwa waziwazi kama nakala mpya, mimi ningechukua changu wa juzi mwenye ubavu laini kuliko wa zama za Hiroshige aliyepigwa na kibao kilichochoka.