Mpaka Usio na Hongo: Tahakiki ya Mchezo wa Civilization VI

Si desturi ya kurasa kama hizi kuhakiki michezo ya kompyuta, na yumkini baadhi ya wasomaji wataona kwamba kufanya hivyo ni kuishusha hadhi taaluma. Hata hivyo, lugha yetu imekwisha kuingizwa katika michezo hiyo pasipo sisi kuulizwa. Civilization IV, uliotolewa mwaka 2005, hufunguliwa kwa wimbo wa "Baba Yetu", ambao Christopher Tin aliutungia muziki kwa maneno ya Sala ya Bwana katika Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kati ya nyimbo zilizotungiwa michezo ya kompyuta kuipata. Katika Civilization VI, wa mwaka 2016, Zanzibar ni mji wenye dola yake, nao hutoa mdalasini na karafuu. Kwa hiyo ni haki yetu kuuliza: mchezo uliotwaa sauti zetu na viungo vyetu, je, umetwaa pia fikra yoyote ya watu wetu juu ya mipaka na mapatano?

Nakiri kwamba niliufahamu mchezo huu nikiwa masomoni ng'ambo, katika miezi ya baridi ambayo ilinipasa niwe naandika tasnifu. Kanuni zake ni hizi. Wachezaji huenda kwa zamu, kila mmoja akiongoza taifa. Mwanzoni mtu aweza kupita popote. Mara taifa lifikapo hatua fulani ya utawala, mipaka yake hujifunga yenyewe, na jeshi la mgeni haliwezi kupita ila kwa mapatano ya watawala wawili, ambayo kwa mwendo wa kawaida hudumu zamu 30. Wafanyabiashara na wahubiri hawamo katika katazo hilo. Wao hupita bila kumbishia mtu hodi.

Hapa ndipo penye kasoro kubwa. Msafara wa biashara ukikatiza nchi ya mtu wa tatu, mwenye nchi hiyo hapati kitu: faida ni ya wale walio katika ncha mbili za njia. Yeyote aliyesoma habari za misafara ya karne ya 19 atastaajabu. Katika Ugogo, ambako maji ni haba, hakuna msafara uliopita bila kutoa hongo ya nguo, shanga au waya. Wala haikuwa bei ya kubandikwa ukutani. Ilijadiliwa, pengine kwa siku kadhaa, kwa kutazama ukubwa wa msafara, hali ya visima na heshima ya aliyekuja. Kwa maneno mengine, ilikuwa ndiyo diplomasia yenyewe.

Niliwauliza wanafunzi wangu maana ya neno hongo. Wote, bila kusita, walijibu: rushwa. Hawakukosea kwa Kiswahili cha leo. Lakini tazama jinsi neno lililotaja haki ya mwenye nchi lilivyogeuka kuwa jina la kosa la jinai. Sidai kwamba badiliko hilo lina chanzo kimoja. Nadai tu kwamba lililingana vyema na dola mpya iliyotaka kuwa mlinda mlango wa pekee. Mchezo huu, kwa kuwapitisha wafanyabiashara bure, unasimulia historia upande wa dola hiyo. Halafu kuna neno mpaka lenyewe. Kando yake tunacho kitenzi pakana, chenye umbo la kutendana: hapakani mtu peke yake. Mpaka unaojifunga wenyewe hauna nafasi katika sarufi hiyo.

Tuje kwenye mapatano. Katika mchezo, pande mbili huona orodha ileile ya masharti na kuielewa kwa namna moja. Mtu asafiriye kutoka katikati ya jiji la Nairobi kupitia Westlands hadi Kangemi hupita katika barabara ambayo jina lake lakanusha jambo hilo. Mnamo Oktoba 1890, huko Dagoretti, Lugard wa Kampuni ya Imperial British East Africa alichanjiana na Waiyaki wa Hinga. Kwa Waiyaki huo ulikuwa undugu. Kwa kampuni ilikuwa ruhusa ya kuweka kituo. Watu wa kampuni wakapora vyakula, kituo kikaangamizwa, na mwaka 1892 Waiyaki alifia Kibwezi akiwa mateka. Wamasai nao waliweka mikataba ya ardhi na serikali ya kikoloni mwaka 1904 na 1911. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, waliambiwa kwamba hayo ni mapatano baina ya wenye enzi, na mahakama haina uwezo wa kuyaamua. Walihesabiwa kuwa dola ili wanyimwe haki, jambo ambalo hakuna mtunga mchezo aliyewahi kulibuni.

Mtetezi aweza kusema kwamba mpaka wa kufungwa na kufunguliwa ndio tulio nao. Ni kweli: mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Lakini mchezo huu huanza maelfu ya miaka kabla ya hapo. Ningeridhika na marekebisho mawili tu. Msafara usimame mpakani, na mwenye nchi ataje anachotaka, kila safari upya. Tena, mapatano yaandikwe kwa lugha mbili, na kila mchezaji aonyeshwe nakala yake tu.