Waya Unaoshika Vimbunga

Huko Kaptagat, ambako kocha Patrick Sang amemfunza Eliud Kipchoge, mfupa wa muundi ni mtaji. Mkimbiaji akiumwa wiki baada ya wiki na eksirei isione kitu, hupelekwa kupigwa picha ya MRI, nayo huonyesha maji yaliyojaa kwenye uboho kabla ufa haujajitokeza. Sifa humwendea daktari, na anastahili. Mimi naomba tumsifu pia fundi wa waya.

Mashine nyingi za MRI za tesla 1.5 zimezungushiwa kilomita nyingi za waya wa niobi na titani, uliozamishwa katika heli ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Humo umeme hupita bila ukinzani, hali iitwayo usupakondakta: sumaku hujazwa umeme mara moja, ikaendelea kwa miaka.

Lakini uga wa sumaku hiyo hupenya ndani ya waya wenyewe. Mwaka 1957 mwanafizikia Alexei Abrikosov alieleza jinsi unavyopenya: kwa nyuzi nyembamba mno, kila moja ikizungukwa na mkondo wa umeme kama kimbunga kidogo, zote zikibeba kiasi kilekile cha uga. Kwa tesla 1.5, milimita moja ya mraba hupitiwa na vimbunga kama milioni 700. Umeme unaopita huvisukuma kando. Vikianza kutembea huzaa joto, na joto likizidi, usupakondakta hutoweka na heli huchemka. Waya ulio safi kabisa hauna cha kuvizuia.

Kwa hiyo fundi hutia dosari kwa makusudi. Huyeyusha niobi na titani, karibu nusu kwa nusu kwa uzito, akahakikisha zimelingana kila mahali. Huvuta waya kupitia tundu jembamba, huuoka kwa nyuzi karibu 400 kwa makumi ya saa, huuvuta tena, huuoka tena. Joto hutenganisha vijichembe vya titani. Uvutaji wa mwisho huvifanya bapa vikawa tepe zenye unene wa nanomita chache tu. Kiini cha kila kimbunga huua usupakondakta pale kilipo, na kuua huko kuna gharama ya nishati. Kikikalia utepe wa titani, ambao katika baridi hiyo si supakondakta, hakuna cha kuua. Basi hukaa hapo, na kukiondoa kunataka nguvu.

Ninachokistahi zaidi ni ule ulinganifu wa mwanzo. David Larbalestier na Peter Lee, wakiwa Chuo Kikuu cha Wisconsin, walionyesha uzito wake: mchanganyiko usipolingana, chembe humea mahali pasipofaa, zikaufanya waya kuwa mgumu na kukatika ukivutwa. Fundi hana kibano cha kupanga tepe hizo. Ana tanuri, saa na tundu la kuvutia, na atajua amefaulu pale tu waya utakapozamishwa katika heli na kupitishiwa umeme.